Seli hii imetoka wapi? Hotuba kuhusu ute, musini na chimbuko la saratani ya umio

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa udaktari na wa maabara, wauguzi, na baadhi ya jamaa za wagonjwa waliokubali kukaa nasi jioni ile. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Madaktari wenzangu, wauguzi, vijana wetu wa maabara, na nyinyi ndugu wa wagonjwa mliopanda magari kutoka mbali kuja kutusikiliza, asanteni sana.

Mgonjwa wa saratani ya umio huja na simulizi ambayo wauguzi wetu wanaweza kuimalizia kabla yeye hajafika mwisho. Nyama ilianza kukwama, akaacha nyama. Ugali ukawa haushuki mpaka ausukumie na maji. Akahamia wali laini, kisha mtori, kisha uji mwepesi. Siku uji nao ulipogoma ndipo akaletwa hospitali, naye keshakonda nusu ya alivyokuwa. Umio hutanuka kupisha chakula, kwa hiyo uvimbe hupata nafasi ya kukua kimyakimya hadi unapokaribia kuziba njia yote. Makadirio ya dunia ya mwaka 2022 yanasema wagonjwa wapya walikuwa takriban 511,000 na waliofariki takriban 445,000. Zitazameni namba hizo mbili zilivyokaribiana. Ni saratani chache zenye pengo dogo namna hiyo kati ya kuugua na kufa.

Jioni hii sitakaa sana kwenye matibabu. Nataka tukae na swali moja: seli ya kwanza kuharibika ilikuwa seli ya aina gani, na ilitoka wapi? Swali hili linasikika kama la watu wa hadubini peke yao. Lakini ndilo linaloamua tumpime nani, kwa kifaa gani, na tutafute alama gani. Tukiazima jibu la watu wa nchi nyingine bila kuliangalia vizuri, tutawapima watu wetu ugonjwa usio wao na kuwarudisha nyumbani tukiwaambia wako salama.

Tuanze na mwili wenyewe. Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimeta 25 hivi. Unatoka kooni, unapita nyuma ya moyo, unapenya kiwambo cha chini ya mapafu na kuingia tumboni. Kwa ndani umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, utando wa jamii ile ile ya ndani ya shavu. Seli za chini kabisa ndizo zinazogawanyika. Watoto wao husukumwa juu, wakifika juu wameshakuwa bapa, kisha hubanduka na kumezwa pamoja na mate. Utando huu unavumilia kusuguliwa na chakula miaka yote ya maisha ya mtu. Asidi hauiwezi.

Ukivuka mpaka wa umio na tumbo, mambo yanabadilika ghafla. Kwenye kipimo cha kamera, mpaka wenyewe unaonekana kwa macho: juu kuna rangi ya waridi iliyopauka, chini kuna wekundu ulioiva, na kati yake mstari wa kwenda kombo. Chini ya mstari ule seli ni ndefu, zimesimama safu moja, na kazi zake kubwa ni kutoa ute, kwa sababu bila ute tumbo lingejichoma lenyewe kwa asidi yake.

Ute huo hutokana na protini ziitwazo musini. Musini ina uti wa protini, na sehemu ndefu za uti huo zimejaa asidi-amino aina ya serini na threonini. Juu ya hizo mwili hupachika minyororo ya sukari, mingi kiasi kwamba katika musini iliyokamilika zaidi ya nusu ya uzito ni sukari. Sukari huvuta maji na kuyashika, ndiyo maana ute ni mzito na unateleza. Kila musini ina jeni yake, na majina yote huanza na MUC kisha namba. Zipo zinazomwagwa nje ya seli zikawa ute: MUC2, MUC5AC, MUC5B na MUC6, ambazo jeni zake nne zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 11. Zipo pia zinazobaki zimeshikamana na ganda la seli, kama MUC1 na MUC4.

Uzuri wake kwetu sisi watu wa patholojia, tunaosoma ugonjwa kwenye vipande vya mwili, ni kwamba zimegawana maeneo. MUC5AC hutengenezwa na seli za juu za utando wa tumbo. MUC6 hutoka kwenye tezi za ndani zaidi za tumbo hilo hilo. MUC2 ni ya utumbo, kwenye seli zinazoitwa seli za kikombe kwa jinsi zilivyovimba juu na kubana chini. MUC5B hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyojificha chini ya utando wa umio, vinavyolainisha njia ya chakula. Seli bapa za umio wenyewe hazimwagi ute wa aina hii. Zinabeba MUC1 na MUC4 kwenye ganda, basi. Kwa hiyo ukichukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando cha kupimwa, sentimeta kadhaa juu ya mpaka wa tumbo, ukakuta MUC5AC na MUC2 zimejaa, una haki ya kuuliza seli hizo zimefikaje hapo.

Vijana wa maabara, hebu tuangalie slaidi moja kwa karibu. Kinyama kimetoka kwenye fomalini, kimezamishwa kwenye nta, kimekatwa kwa unene wa mikroni 3 au 4. Umekitia rangi ya bluu ya Alcian. Rangi hii hushika sukari zenye asidi, na seli ya kikombe inazo nyingi, hivyo utaiona imebeba tone la bluu nzito huku seli za tumbo zilizo kando yake zikibaki zimepauka. Sasa kata kipande kinachofuata kutoka nta ile ile, weka kingamwili ya MUC2, protini inayoitambua na kuishika MUC2, subiri rangi ya kahawia itokee. Kwa kingamwili nyingi tunazotumia, kahawia haitakaa mahali pa bluu. Tone lile kubwa mara nyingi halishiki rangi, na kahawia inajikusanya chini yake, kuzunguka kiini cha seli. Mwanafunzi anayeliona hilo mara ya kwanza hudhani ameharibu kipimo. Hajaharibu chochote. Kingamwili hizo zinatambua uti wa protini ukiwa bado mtupu. Musini ikishapachikwa sukari zake zote na kupakiwa kwenye tone, uti umefunikwa, kingamwili haina pa kushika. Kwa hiyo bluu inakuonyesha ute uliokwisha tengenezwa, kahawia inakuonyesha kiwanda kikiwa kazini. Ni maswali mawili tofauti, na slaidi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinakwambia mengi kuliko ripoti ya mstari mmoja iliyoandika “MUC2 chanya”.

Hali hiyo ya umio kuvaa utando wa seli ndefu ina jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi London. Mwaka 1950 Barrett aliandika kwamba mrija ule wenye utando mwekundu si umio. Alisema ni tumbo lililovutwa juu hadi kifuani, kwa sababu kwake umio ni kile kilichotandikwa seli bapa. Mwaka 1953 Philip Allison na Alan Johnstone wakaonyesha vinginevyo: ukuta wa mrija ule una misuli ya umio na vitezi vya umio chini yake, na kwa nje hauna ngozi laini inayolifunika tumbo. Ni umio, ila utando wake umebadilika. Mwaka 1957 Barrett mwenyewe akakubali. Basi hali hii ikabaki na jina la mtu ambaye mwanzoni aliikana, na kwa maoni yangu ni heshima aliyostahili, maana wapo wengi katika fani yetu ambao hawakurudi nyuma hata walipoonyeshwa ushahidi.

Leo tunajua kwamba umio wa Barrett huja kwa watu ambao asidi na nyongo hupanda kutoka tumboni mwaka hadi mwaka. Na huo ndio uwanja ambamo aina moja ya saratani ya umio huota: adenokasinoma, saratani ya seli za tezi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba watu wenye kiungulia kikali cha miaka mingi walikuwa na uwezekano wa kupata adenokasinoma ya umio mara 43.5 ya wale wasio na kiungulia. Hata hivyo, ndugu zangu wenye kiungulia, msitoke hapa na hofu. Ukizidisha mara nyingi kitu kilicho adimu, bado kinabaki adimu. Hata mwenye Barrett ambaye seli zake hazijaanza kuharibika, utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2011 ulikuta kwamba takriban mmoja tu kati ya 1,000 ndiye anayepata saratani hiyo kwa mwaka.

Sasa nakuja kwenye ubishi wenyewe. Seli za Barrett zimetoka wapi?

Tukizipima musini zake tunakuta mchanganyiko. Juu ya utando kuna MUC5AC, kama tumboni. Chini ya tezi kuna MUC6, kama tumboni pia. Katikati zimetapakaa seli za kikombe zenye MUC2, kama utumbo. Nchini Marekani kwa miaka mingi seli za kikombe zimekuwa sharti: zisipoonekana, hakuna Barrett. Uingereza hawaweki sharti hilo. Seli ndefu zikithibitika kwenye umio kwa urefu wa sentimeta moja na zaidi, inatosha. Madaktari wa nchi mbili tajiri wanaweza kutazama kinyama kimoja na mmoja akampa mgonjwa jina la ugonjwa, mwingine akamnyima.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi hujikwaa. Musini ni kama sare. Ukimwona mtoto njiani amevaa sare ya shule fulani, umejua anasoma wapi mwaka huu. Hujajua amezaliwa kijiji gani. Seli inayotengeneza MUC2 inakwambia programu ipi ya jeni imewashwa ndani yake sasa hivi. Inaweza kuwa imezaliwa tumboni ikahama. Inaweza kuwa imezaliwa kwenye mfereji wa kitezi cha umio. Na kadiri seli inavyoelekea kwenye saratani, sare yenyewe huchanika: musini za kumwagwa hupungua au hupotea, na MUC1 huanza kujitokeza mahali isipotarajiwa. Anayeandika kwenye ripoti kwamba saratani “imetokea tumboni kwa sababu ina MUC5AC” amesema zaidi ya alichokiona.

Ndiyo maana watafiti walilazimika kutafuta ushahidi wa ukoo. Seli ikipata badiliko katika jeni, badiliko hilo hurithiwa na kizazi chake chote, na haliondoki hata seli zikibadili kazi. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walikata tezi za Barrett moja moja na kuzipima. Kwa mgonjwa mmoja walikuta badiliko lile lile la jeni ya p16 kwenye mfereji wa kitezi cha umio na kwenye tezi za Barrett zilizoungana nao. Huo ni udugu wa damu, na uliwapa nguvu waliosema chimbuko ni vitezi vya umio. Mwaka 2018 kundi la Oxford likapima seli moja moja kwa kusoma jeni zilizowashwa ndani yake, likakuta seli za Barrett zinafanana sana na za vitezi hivyo.

Wengine walikuwa wameshafika kwingine kwa kutumia panya. Mwaka 2011 walionyeshwa panya ambao mabaki ya seli za tangu tumboni mwa mama, yaliyosalia mpakani, hukua na kufanana na Barrett. Mwaka 2012 wengine wakaonyesha seli shina za sehemu ya juu ya tumbo zikipanda kuingia kwenye umio uliovimba kwa maudhi ya muda mrefu. Mwaka 2017 wakatajwa wakazi wa mpakani penyewe, seli za chini zenye protini za p63 na keratini 7 kwa pamoja. Panya, hata hivyo, hana vitezi chini ya utando wa umio kama sisi. Nadharia ya vitezi haiwezi kupimwa kwa mnyama asiye navyo, wala haiwezi kukanushwa naye.

Kisha mwaka 2021 kundi la Cambridge lililoongozwa na Rebecca Fitzgerald likachapisha kazi kubwa katika jarida la Science. Walikuwa na tishu za wagonjwa na za watu waliojitolea viungo vyao baada ya kufa, ambao umio wao ulikuwa mzima, na hiyo ni hazina, kwa sababu utando wa mgonjwa kando ya uvimbe hauwezi kuaminiwa kuwa wa kawaida. Walipolinganisha seli, jeni na kemikali zinazofunga na kufungua jeni, ushahidi ulielekea kwenye sehemu ya juu ya tumbo. Wakataja na vidhibiti viwili vya jeni, MYC na HNF4A: wakiviamsha kwenye seli za tumbo zilizooteshwa maabara, seli huanza kuelekea ubarreti. Wakaona pia kwamba hata adenokasinoma ambazo daktari hakuona Barrett pembeni yake zilibeba alama za seli za Barrett ambazo hazijakomaa.

Mimi naegemea upande wa tumbo, na sababu yangu kubwa ilikuwepo kwenye slaidi za musini tangu zamani: mpangilio wa MUC5AC juu na MUC6 chini ni ramani ya tezi ya tumbo, na seli za kikombe zinaonekana kuongezeka juu ya ramani hiyo baadaye. Lakini yule mgonjwa wa mwaka 2008 hajafutika. Inawezekana kabisa kwamba umio uliochomwa na asidi huzibwa na yeyote aliye karibu mwenye uwezo wa kugawanyika, na kwa watu wengi aliye karibu ni tumbo.

Waingereza walichofanya na maarifa haya ndicho kinachonifurahisha. Wametengeneza kidonge kilichofungwa uzi. Unakimeza kwa maji, ganda la gelatini linayeyuka baada ya dakika chache, sifongo ndogo inatanuka, na muuguzi anaivuta kwa uzi. Ikipanda inakusanya seli za umio mzima. Haihitaji kamera wala dawa ya usingizi. Sasa fikirini: sifongo hiyo imefika tumboni, kwa hiyo imejaa seli za tumbo. Ukitafuta MUC5AC, kila mtu atakuwa mgonjwa. Ilibidi wapate alama ambayo haipo kwenye umio wenye afya wala kwenye sehemu ya juu ya tumbo lenye afya, ila ipo kwenye seli za kikombe. Wakachagua TFF3, protini ndogo inayotembea pamoja na MUC2 ndani ya ute. Katika majaribio yao yaliyochapishwa mwaka 2020, ya watu zaidi ya 13,000 wanaotumia dawa za kiungulia, upande uliopewa nafasi ya sifongo waligunduliwa 140 wenye Barrett. Upande wa huduma ya kawaida, 13. Kifaa kilifanya kazi kwa sababu mtu alikuwa ameshajua seli gani anaitafuta.

Sasa turudi nyumbani. Duniani, takriban asilimia 85 ya saratani za umio si adenokasinoma. Ni saratani ya seli bapa. Na katika ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi kusini mwa bara, ni zaidi ya 9 kati ya 10. Hizi ni saratani mbili zilizopewa jina moja kwa sababu tu zimekaa kwenye mrija mmoja. Uchunguzi mkubwa wa jeni wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba adenokasinoma ya umio inafanana na saratani ya tumbo, na ile ya seli bapa inafanana na saratani za kichwa na shingo, kuliko zinavyofanana zenyewe kwa zenyewe.

Chukueni basi sifongo ile yenye TFF3, mpelekeni mama wa Bomet, Kenya, au mzee wa Rombo, hapa Kilimanjaro, ambaye seli bapa zake zimeshaanza kuharibika. Itarudi safi. Hana seli za kikombe, hana MUC2, hana TFF3. Tutamwandikia kwamba hana tatizo, na tutakuwa tumemdhulumu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimesikia watu wenye nia njema wakisema tuombe ufadhili tuilete kama ilivyo. Sifongo tuilete, naam. Alama lazima iwe ya ugonjwa wetu.

Alama yetu itatoka wapi? Tuna moja ya zamani na ya bei nafuu: iodini ya Lugol. Seli bapa zenye afya zina akiba ya glikojeni, aina ya sukari, na iodini ikinyunyizwa kupitia kamera, umio mzima unageuka rangi ya kahawia iliyokolea. Seli zilizoanza kuharibika zimepoteza akiba hiyo. Zinabaki na madoa ya njano yenye kingo zinazoonekana wazi. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, walifanya hivyo kwa watu wa kawaida wasio na dalili yoyote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha displasia, yaani seli zilizoanza kuharibika kabla ya saratani, kwa asilimia 14.4 yao. Watu waliokuwa wanakula ugali wao vizuri tu.

Kwa nini seli zao? Hatuna mkosaji mmoja. Pombe imo, za kienyeji na za chupa. Tumbaku imo. Imo moshi wa kuni jikoni, afya mbaya ya meno, na chai ya moto sana: hapa Kilimanjaro watafiti walipima, wakakuta wastani wa joto la chai watu wanapoanza kunywa ni zaidi ya nyuzi 70, wakati shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2016 liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2021 ukachapishwa usomaji wa jenomu kamili za saratani 552 za seli bapa kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo. Kila aliyesubiri kuona alama ya sumu moja inayoeleza kwa nini sisi tunaugua zaidi hakuiona. Michoro ya uharibifu ilifanana kati ya nchi zenye ugonjwa mwingi na zenye ugonjwa mchache.

Kuna jambo lingine gumu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge walichunguza umio wa watu tisa waliokufa kwa sababu nyingine, bila saratani ya umio. Wakakuta utando unaoonekana mzima umejaa makundi ya seli za ukoo mmoja mmoja zenye mabadiliko ya jeni. Kwa watu wa umri wa kati, seli zenye badiliko la NOTCH1 peke yake zilikuwa zimeshika kati ya asilimia 30 na 80 ya utando, na badiliko hilo ni la kawaida zaidi kwenye umio mzima kuliko kwenye saratani yenyewe. Maana yake ni kwamba huwezi kuokota badiliko lolote la jeni ukalifanya alama ya hatari. Jeni ya p53 inaonekana kuwa na ahadi zaidi, na kaskazini mwa Iran, eneo ambalo saratani ya seli bapa ni nyingi kama kwetu, wameshaijaribu sifongo wakitafuta p53 badala ya TFF3. Wachina nao, huko Henan, walimezesha watu puto la kukusanya seli bapa miongo mingi kabla ya sifongo ya Uingereza.

Je, musini hazina kazi kwetu? Zinayo, ya kila siku. Kinyama kikija na seli zilizoharibika kiasi kwamba huwezi kusema ni bapa au ni za tezi, p40, alama ya seli bapa, ikiwa chanya na rangi ya ute ikiwa hasi, umeelekea kwenye seli bapa. Ute ukionekana ndani ya seli, fikiria adenokasinoma, na kama ipo chini kabisa, uliza kama si saratani ya tumbo iliyopanda. Kingamwili ni ghali, najua, na friji za kuzihifadhi huzimika umeme ukikatika. Lakini bluu ya Alcian na PAS, rangi nyingine ya ute, zipo kwenye maabara nyingi za mkoa, na zinatosha kutenganisha wagonjwa wengi. Tofauti hiyo inabadilisha dawa na mionzi atakayopewa mgonjwa.

Kwa hiyo nina maombi. Daktari unayechukua kinyama, andika umbali kutoka kwenye meno, kwa sentimeta. Usituandikie “umio” tu; hatuwezi kuzungumzia chimbuko la kitu ambacho hatujui kilikuwa wapi. Ikiwezekana na mgonjwa akaridhia, chukua na kipande cha utando unaoonekana mzima mbali na uvimbe, kwenye chupa yake, na jina lake. Muuguzi, kinyama kiingie kwenye fomalini hapo hapo, kisisubiri gari. Maabara, vipande vya nta visitupwe. Vipangeni kwa namba mahali pakavu, miaka mingi.

Na nyinyi jamaa za wagonjwa, mliniuliza kabla sijapanda hapa kama nanyi mpimwe. Yeyote kati yenu ambaye chakula kinakwama, hata kama ni nyama tu, hata kama hupita baada ya maji, asingoje kifike kwenye uji. Aje apimwe kwa kamera. Aseme mlangoni kwamba ana ndugu aliyeugua umio, na aombe wamwekee iodini.